Kiongozi Anayejiona Yeye Tu: Darsa Kutoka Uganda ya Idi Amin



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, darsa ya toleo hili inahusu ugonjwa wa ujub, yaani mtu kujiona na kujipendeza mwenyewe. Tumezoea kuusoma kama ugonjwa wa moyo wa mtu mmoja. Leo nataka tuutazame unapompata aliyeshika dola, kwa sababu hapo haumii yeye peke yake. Anaumia seremala, anaumia mkulima, anaumia mama anayeuza mboga.

Nimemchagua Idi Amin kwa makusudi. Katika mazungumzo yetu baada ya swala hapa Gisozi, nimewasikia zaidi ya mara moja vijana wetu wakimtetea: alikuwa Muislamu, aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, aliwapa Waislamu hadhi. Hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa elimu, siyo kwa hasira.

1. Qur'ani inavyotuonyesha ugonjwa huu

Tusome Surat Az-Zukhruf, aya ya 51 hadi 54. Firauni anawakusanya watu wake na kuwauliza kama hawaoni kwamba ufalme wa Misri ni wake, na mito inayopita chini yake pia ni yake. Mto Nile, unaomnywesha kila mkulima wa Misri, umegeuka kuwa pambo la mtu mmoja. Kisha aya ya 54 inatueleza matokeo: aliwafanya watu wake kuwa wepesi wasio na uzito, nao wakamtii.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, mwenye ujub huchukua neema ya wote na kuiita yake. Pili, hawezi kufika mbali bila watu wanaokubali kudharauliwa.

2. Majina yanaongezeka, sukari inapungua

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwanzoni wengi walimshangilia, kwa sababu walikuwa wamechoka na utawala wa Obote. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, majina yake yalirefuka. Mwaka 1975, mwaka ambao Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alijipandisha cheo kuwa Fildi Masho. Mwaka 1976 akawa Rais wa Maisha. Juu ya hayo akajiita Al-Haji, Daktari, mwenye nishani za kijeshi za Waingereza, na Mshindi wa Dola ya Uingereza. Alibebwa kwenye kiti na wazungu mbele ya wapiga picha ili dunia ione.

Tutazame mfanyakazi wa kawaida alikuwa wapi wakati huo. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa kwa wanajeshi na watu wa karibu naye, wengi wao bila ujuzi wa biashara. Wananchi wakawaita matajiri hao wapya "mafuta mingi". Bidhaa zilipokwisha dukani, nyingine hazikuagizwa. Uganda, nchi yenye mashamba makubwa ya miwa ya Kakira na Lugazi, ikafika mahali sukari ikawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Chumvi na sabuni vilevile. Neno "magendo" likawa jina la maisha yenyewe: mshahara wa mwezi haukutosha, na aliyetaka kuishi ilimbidi anunue au auze kwa njia ya panya.

Tuangalie na mkulima wa kahawa. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Kwa Uganda hiyo ilikuwa riziki kubwa. Lakini kahawa ilipaswa kuuzwa kwa bodi ya serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na mkulima alipata sehemu ndogo. Ndiyo maana kahawa nyingi ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, kupitia masoko ya mpakani kama Chepkube. Wakati huohuo ndege zilikuwa zikitoka uwanja wa Stansted, Uingereza, kwenda Entebbe zikiwa na wiski na bidhaa za anasa za kuwaridhisha wanajeshi. Tafakari, ndugu yangu: nchi inayoongozwa na anayejiita Al-Haji inasafirisha kahawa ya maskini na kurudisha pombe.

3. "Lakini alikuwa wetu"

Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata kama ushahidi utakuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Aya hiyo haikumwacha nje aliyetujengea msikiti.

Na tuwe wakweli kuhusu kilichowapata Waislamu wenyewe. Shaban Nkutu, Muislamu wa Busoga aliyewahi kuwa waziri, aliuawa mwanzoni mwa mwaka 1973 chini ya utawala huo. Uislamu wake haukumkinga. Msikiti mkubwa wa Old Kampala ulioanzwa enzi za Amin ulibaki gofu kwa miaka mingi hadi Libya ilipoukamilisha. Na alipoangushwa Aprili 1979, baada ya kuivamia Tanzania kupitia Kagera na majeshi ya Mwalimu Nyerere kujibu, yeye alikimbia na hatimaye akaishi Jeddah mpaka alipofariki mwaka 2003. Waliobaki ni Waislamu wa vijijini. Mwaka huohuo wa 1979, huko Bushenyi, Waislamu waliuawa kwa kulipizwa kisasi cha utawala ambao wengi wao hawakupata kwake hata kilo ya chumvi.

Hilo ndilo deni ambalo mwenye ujub huwaachia anaodai kuwawakilisha. Yeye hula sifa, wao hulipa.

Sisi wanafunzi wa chuo kikuu tuna la ziada la kukumbuka. Mwaka 1972, Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, mtu wa Kisoro karibu na mpaka wetu wa Rwanda, alichukuliwa na hakuonekana tena. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mwaka huohuo. Anayetaka kusikia sifa zake tu hawezi kumvumilia msomi wala hakimu, kwa kuwa kazi ya wote wawili ni kusema lililo kweli.

4. Kipimo chetu: mwaka wa majivu

Mwaka wa 18 Hijria ukame uliikumba Hijazi hata mwaka ukaitwa wa majivu. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa khalifa wa dola iliyokwisha fika Sham na Iraq. Wanahistoria wetu wanasimulia kwamba alijizuia kula samli na nyama mpaka watu watakapopata, akala mkate kwa mafuta hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika. Akawaandikia magavana wake walete misafara ya chakula, na akasimamia mwenyewe ugawaji.

Huenda mtu akasema: njaa ya khalifa haimshibishi mtu mwingine. Ni kweli, na ndiyo maana Umar hakuishia kwenye kufunga mkanda. Ila kiongozi anayeonja bei ya sokoni huharakisha msafara. Asiyeionja huongeza jina jingine kwenye cheo chake.

5. Na sisi hapa Gisozi?

Ni rahisi kumsoma Amin na kujiona tumesalimika. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu anachokichunga. Amiri wa jumuiya ya wanafunzi ni mchunga. Mweka hazina ni mchunga. Tunapokusanya michango ya futari, kisha sehemu nzuri ikaenda kwenye mabango yenye picha za viongozi, ugonjwa ni uleule, dozi tu ni ndogo.

Vilevile tuwatazame wanaofanya kazi karibu nasi. Hapa Gisozi kuna Agakiriro, ambako maseremala wanapiga randa tangu asubuhi, katika soko ambalo limeungua moto zaidi ya mara moja, na kila mara wameanza upya. Wengi wetu tutakuwa maofisa, mameneja, wabunge. Imepokewa na Ibn Majah kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Anayemzungusha fundi wa meza wiki tatu akiwa mwanafunzi, atamzungusha nani akiwa waziri?

Mwisho turudi kwenye Surat Al-Qasas, aya ya 79 na 80. Qaruni alipotoka na mapambo yake, walioitamani dunia walisema laiti nao wangekuwa na kama yake. Waliowakemea ni wale waliopewa elimu. Allah hakuwataja kwa mali wala kwa vyeo. Aliwataja kwa elimu. Hiyo ndiyo nafasi yetu, na ndiyo tutakayoulizwa.

Maswali ya halaqa

1. Katika Az-Zukhruf 54, lawama iko kwa Firauni peke yake au pia kwa waliomtii? Eleza.
2. Je, mema ya kiongozi kwa kundi lake yanafuta dhulma yake kwa wengine? Tumia An-Nisaa 135.
3. Taja jambo moja ambalo jumuiya yetu inaweza kubadilisha katika matumizi ya michango kabla ya Ramadhani.

Ewe Mola wetu, tukinge na kujiona, tupe viongozi wanaowahurumia wanyonge, na utufanye sisi kuwa miongoni mwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.