Kupasha Joto Chumba Kilichokuwa Stoo

Katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, mathalani Njombe, mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Stoo ya zamani iliyogeuzwa chumba cha kulala huwa baridi mno, na mara nyingi jiko la mkaa huingizwa ndani. Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala aweza kufa pasipo kuamka.

Njia iliyo salama zaidi ni kufukia waya wa umeme sakafuni, ili sakafu yenyewe itoe joto kwa mionzi. Swali ni wati ngapi zinahitajika. Kutazama ukubwa wa chumba peke yake hupotosha. Hesabu huanzia kwenye joto linalotoroka.

Ichukuliwe stoo yenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni bati tupu lisilo na dari. Nje ni nyuzi 8, na ndani zinatakiwa nyuzi 18. Tofauti ni nyuzi 10. Kila meta ya mraba ya ukuta wa namna hii hupitisha takriban wati 2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Bati tupu hupitisha karibu wati 7. Mlango na dirisha, kwa wastani, wati 4. Kuta zina meta za mraba 31.5, hivyo hupoteza wati 630. Paa la meta za mraba 12 hupoteza wati 840, yaani kuliko kuta zote nne. Mlango na dirisha, meta za mraba 3.5, hupoteza wati 140. Hewa inayopenya nyufani, ikibadilika mara tatu kwa saa, huchukua wati 240 hivi (pwani zingekuwa karibu 300, kwani hewa ya Njombe ni nyepesi zaidi). Jumla ni wati 1,850.

Je, sakafu yaweza kutoa kiasi hicho? Uso wa sakafu ya kukanyagwa haupaswi kuzidi nyuzi 29, la sivyo miguu huudhika. Kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, nguvu ya mionzi hulingana na kipeo cha nne cha halijoto ya Kelvin. Sakafu ya Kelvin 302 ikitazamana na kuta za Kelvin 291 hutoa wati 58 hivi kwa meta ya mraba, uso wake ukihesabiwa kutoa mionzi kwa kiwango cha 0.9. Ikiongezwa hewa inayopanda baada ya kugusa sakafu, ni busara kutegemea wati 100. Lakini kitanda na kabati hufunika sehemu, na waya haupitishwi chini yake. Zikibaki meta za mraba 8, sakafu itatoa wati 800 tu. Waya mkubwa zaidi hautasaidia, kwani ungeunguza nyayo kabla ya kukipasha chumba joto.

Basi fedha za kwanza ziende kwenye paa. Dari yenye tabaka la sentimeta 10 za maranda makavu juu yake hushusha wati 840 hadi 84; maranda, hata hivyo, huvutia mchwa na hushika moto, kwa hiyo nyaya za taa zisilazwe ndani yake. Nyufa zikizibwa hadi hewa ibadilike mara moja tu kwa saa, wati 240 huwa 80. Kuta zikivikwa mbao zenye nafasi ya hewa nyuma yake, upotevu wao hushuka hadi 470 hivi. Jumla mpya ni wati 774, na sakafu yaiweza. Kwa kuwa sehemu ya joto hushuka ardhini, waya uwe na takriban wati 880, juu ya tabaka la kuzuia joto.

Nyufa zikishazibwa, jiko la mkaa halina tena nafasi humo, hata kwa dakika chache, na tundu la hewa liachwe wazi.

Zoezi: nje kukiwa na nyuzi 5, chumba hiki hupoteza wati ngapi ili kibaki na nyuzi 18? Mwanafunzi atapata karibu 1,006. Kwa kuwa sakafu hutoa 800, atafute chumba kitatulia kwenye nyuzi ngapi, kisha aeleze kwa nini jibu halisi litazidi kidogo nyuzi 15.3.