Jua Haki Zako: Kurefusha Banda la Kuku Kisii na Nyamira

Vifaranga wakikua, banda hubana, na mfugaji humwita fundi aongeze chumba upande wa ua. Kisii, ambako sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, nyuma ya ua huo mara nyingi pana dirisha la jirani. Chumba kimoja cha mbao, wavu na mabati kinaweza kugusa sheria tatu.

Ya kwanza ni Sheria ya Urithi. Ikiwa hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, mgao wa mdomo wa wazee hautoshi. Kifungu cha 45 kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na ndugu asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani. Familia ifungue kesi ya mirathi kwanza.

Ya pili ni sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. Kifungu cha 57 kinataka idhini ya kaunti kabla ya kuendeleza ardhi. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au adhabu zote mbili. Maana ya kuendeleza ardhi ni pana, hivyo ni heri kuuliza ofisi ya mipango kabla ya kununua mabati. Keroka, mji ulio mpakani ambao kaunti hizi mbili zimeuzozania ushuru wake, mfugaji ahakikishe kwanza shamba lake liko kaunti gani.

Hapa pana haki ambayo wengi hawaijui: aliyewasilisha ombi akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria huchukulia kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo nakala ya ombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa ni ushahidi muhimu.

Ya tatu ni Sheria ya Afya ya Umma. Banda lililojengwa au kutunzwa hivi kwamba linaudhi watu au kuhatarisha afya huhesabiwa kuwa kero. Jirani anayesumbuliwa na harufu au nzi ana haki ya kulalamika kwa afisa wa afya ya umma, naye mfugaji ana haki ya kupewa notisi na muda wa kurekebisha.

Na askari wa kaunti wakija na nyundo? Mfugaji aombe notisi inayotolewa chini ya sheria ya mipango. Lazima itaje kosa, hatua zinazotakiwa na muda wa kuzitekeleza. Kifungu cha 47 cha Katiba nacho kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Tangu siku ya kupokea notisi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango. Asiporidhika na uamuzi wake, aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo mjini Kisii.