UCHANGANUZI WA TABIA: JE, MIPAKA YAKE IKO WAPI?

Wengi wetu tukisikia neno saikolojia tunamfikiria mtu aliyelala kitini akisimulia ndoto zake. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kuna tawi jingine ambalo halina habari na ndoto hata kidogo, linashughulika na yale mtu anayoyatenda mbele ya macho yetu. Tawi hilo huitwa uchanganuzi wa tabia. Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi linavyofanya kazi, kisha niulize swali ambalo limenisumbua tangu mwaka jana: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba tabia ya mtu mwingine ibadilishwe?

Jina kubwa katika somo hili ni B. F. Skinner, Mmarekani aliyezaliwa 1904 na kufariki 1990. Skinner alimtia panya katika kisanduku chenye kijiti. Panya akikibonyeza, punje ya chakula inaanguka. Mara ya kwanza alibonyeza kwa bahati tu, akala, akabonyeza tena, na baadaye akawa habanduki pale. Tabia inayoleta faida hurudiwa, na isiyoleta kitu hufifia. Kwa hivyo mchanganuzi wa tabia haulizi, "Kwa nini wewe ni mkorofi?" Huuliza kilichotokea kabla ya tabia, na kile mtu alichokipata baada yake. Hebu mchukue mwanafunzi anayepiga kelele katika kipindi cha hesabu, akafukuzwa nje. Kama alikuwa anaikimbia hesabu, basi hajaadhibiwa ng'o! Amepewa zawadi, na kesho atapiga kelele tena. (Darasa letu linawajua hao.)

Na adhabu je? Kumbukeni kile kidude ambacho shule nyingi ziliwavisha waliozungumza lugha ya mama, na pengine, ajabu iliyoje, hata Kiswahili chenyewe siku ya Kiingereza. Je, watoto waliiacha lugha yao? Wapi! Waliacha kuizungumza mbele ya kiranja tu. Nyuma ya choo ilishamiri kama kawaida. Skinner mwenyewe hakuipenda adhabu kwa sababu kama hizo. Aliona kwamba hunyamazisha tabia kwa muda na kumfanya mtu amwogope anayeadhibu.

Maarifa haya basi yana nguvu, na chenye nguvu chaweza kumuumiza mtu. Mwaka 1920, John B. Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walichapisha jaribio walilomfanyia mtoto wa miezi kumi na moja hivi, waliyemwita Albert, katika hospitali moja mjini Baltimore. Albert hakuwa na hofu ya panya mweupe. Wakawa kila akimgusa panya, nyuma ya kichwa chake chuma kinagongwa kwa nyundo, paa! Haikuchukua muda, akawa analia akimwona panya peke yake, bila chuma kugongwa. Hofu ikasambaa hadi kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Kisha mtoto akaondoka hospitalini kabla hofu ile haijaondolewa. Waliandika njia ambazo wangejaribu kuzitumia kumponya, basi. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo, mnyonyeshaji wa watoto wa wengine.

Miaka minne baadaye, mwaka 1924, Mary Cover Jones aliitumia elimu ileile kwa njia nyingine. Alimchukua mtoto aliyeitwa Peter, ambaye tayari alikuwa anamwogopa sungura. Peter alipewa chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali. Kila siku alisogezwa kidogo, na mtoto alipoonyesha wasiwasi hawakumlazimisha. Mwishowe Peter alikuwa anampapasa sungura yule. Napenda sana kulinganisha majaribio haya mawili. Elimu ni moja, lakini Peter alinufaika na Albert alitumiwa.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kuna kituo kiitwacho Judge Rotenberg Center, kilichoanzishwa 1971 na Matthew Israel, aliyekuwa mwanafunzi wa Skinner. Huko, baadhi ya wakaazi wenye usonji au ulemavu mwingine walivishwa mashine yenye nyaya zinazogusa ngozi. Wakifanya tabia iliyokatazwa, mfanyakazi anabonyeza kitufe na wanapigwa shoti ya umeme. Mwaka 2002 kijana wa miaka 18 alipigwa shoti mara 31 kwa siku moja. Shoti ya kwanza ilitoka wapi? Alikataa kuvua koti. Mahakama ilionyeshwa picha za video za tukio hilo mwaka 2012.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu upande mmoja, maana baadhi ya wazazi waliitetea mashine ile mahakamani. Walisema watoto wao walikuwa wakijigonga vichwa na kujiuma hadi kuhatarisha maisha, na dawa zilishindwa. Mzazi wa namna hiyo simcheki. Lakini kuvua koti je? Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Aliyeruhusiwa kutumia umeme ili kuokoa uhai hakukawia kuutumia ili atiiwe. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku mashine hizo, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, bunge lao likaibadilisha sheria mwishoni mwa 2022, na mwaka 2024 mamlaka ikapendekeza marufuku upya. Chama kikubwa cha wachanganuzi wa tabia chenyewe kilitangaza mwaka 2022 kwamba kinapinga shoti hizo.

Msiseme hayo ni ya ng'ambo. Mimi nina mdogo wangu wa miaka saba mwenye usonji. Alikuwa hasemi, na akitaka kitu hujigonga kichwa ukutani hadi majirani wanakuja. Mwalimu wa kitengo maalum akaanza naye kwa kadi zenye picha. Akitoa kadi ya kikombe, anapewa maji palepale. Tulirudia hivyo hata nyumbani, jioni baada ya jioni, na mimi mwenyewe nilikuwa mshika vikombe. Baada ya miezi kadhaa alituletea kadi bila kuombwa, na kichwa kikaacha ukuta. Kwa hiyo mtu asiniambie uchanganuzi wa tabia ni uovu mtupu. Nimeuona ukimpa mtoto sauti.

Lakini pia hupunga mikono. Akifurahi huipunga kama ndege anayetaka kuruka. Mgeni mmoja akashauri kwamba tabia hiyo nayo iondolewe: akipunga, anyimwe chakula hadi atulie. Alisema watu wanatazama. Baba alianza kukubali. Mama akauliza, "Mikono hiyo inamuumiza nani?" Mgeni hakuwa na jibu isipokuwa kwamba watu wanatazama. Tazameni tofauti hapo: kujigonga kichwa kulimuumiza mtoto mwenyewe, lakini kupunga mikono kulituaibisha sisi. Tungemnyima mtoto chakula ili kuponya aibu yetu.

Kanuni za maadili zinazowaongoza wachanganuzi wa tabia waliosajiliwa Marekani, toleo lililoanza kutumika Januari 2022, zinawataka wamnufaishe mteja, wamtendee kwa heshima, watangulize zawadi kabla ya adhabu, na watafute ridhaa. Hapa kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na kuna sheria ya 2014 ya kusajili washauri na wanasaikolojia. Vizuri. Ila ridhaa ya mtoto asiyesema inapatikanaje? Mzazi ndiye hutia sahihi, naye mzazi aweza kuchoka, aweza kuona haya, kama nilivyokwisha kueleza.

Nilimuuliza mwalimu wa mdogo wangu swali hilo. Alisema mtoto asiyesema bado hujibu: hugeuza uso, husukuma meza, huondoka. Wengine huita huo ukaidi, wakamshika mabega na kuendelea. Yeye huhesabu ni "sitaki". Mdogo wangu akisukuma kadi mara mbili, somo linasimama na anaachwa aende dirishani. Kuna siku hukaa huko dakika ishirini na siku nyingine dakika mbili, halafu hurudi mwenyewe na kuzichukua kadi, mikono ikipunga.