Mkopo wa Chuo na Mtego wa Matapeli Mpakani

Baina ya kutangazwa kwa matokeo ya kidato cha sita nchini Uganda na kufunguliwa kwa vyuo vikuu mwezi wa Agosti hupita miezi kadhaa. Kwa matapeli, huo ndio msimu wa mavuno. Mzazi anayo barua ya mwanawe ya kupokewa chuoni, karo hana, na siku zinazidi kupungua.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu alifika kituoni kwetu akiwa na simu mkononi. Bintiye alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ujumbe ulikuwa umemfikia ukitaja jina la binti, chuo na somo, ukisema mkopo wake umekwisha pitishwa na kilichobaki ni ada ya kushughulikia faili. Alituma. Ikaja ada ya bima, akatuma. Ikaja kodi, akatuma tena, na kwa hiyo ya tatu akawa amemaliza akiba yote ya muhula wa kwanza. Alikuja kwetu siku ya tisa. Tulipomuuliza sababu ya kuchelewa alijibu, “Afande, niliona haya. Nilijua nitachekwa.” Hatukumcheka. Tulimuuliza swali moja tu: je, binti aliomba mkopo? Hakuwa ameomba. Alichofanya ni kupiga picha barua yake ya kupokewa na kuituma katika kundi la wanafunzi la WhatsApp kwa furaha, na humo ndimo tapeli alimookota kila alichokihitaji.

Ndugu wasomaji, tapeli hula kutokana na jambo ambalo mzazi halijui. Kwa sababu hiyo tumeona heri tueleze kanuni zenyewe kabla ya kueleza hila.

Nchini Uganda mikopo hutolewa na Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake hulipia ada ya masomo, ada za huduma za chuo, gharama za utafiti, na vifaa vya kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu. Haulipii chakula wala malazi. Tena fedha hizo hupelekwa chuoni moja kwa moja, hazipiti mkononi mwa mwanafunzi. Basi mtu akikuahidi kwamba bodi hiyo itakutumia pesa za matumizi katika simu, amekwisha jifichua mwenyewe. Mkopo huu ni deni, na urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Usichanganywe na ule udhamini wa serikali ambao kwa miaka mingi umechukua takriban wanafunzi 4,000 kila mwaka, sehemu kubwa kwa alama za kitaifa na sehemu nyingine kwa mgawo wa wilaya. Udhamini huo haurejeshwi, na nafasi yake haiuzwi. Anayekuambia kuwa anayo “nafasi ya wilaya” iliyobaki anauza hewa.

Upande wa Tanzania, Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi, kwa kuwa ada halali ya maombi ipo, na miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000 za Tanzania. Tapeli hujificha nyuma ya ukweli huo. Lakini ada ile hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo mwombaji huipata mwenyewe anapojaza maombi yake mtandaoni. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kwa hiyo kuambiana tu kwamba “kila ada ni utapeli” hakutoshi; tazama pesa zinaingia kwa jina la nani. Wakala wa pesa za simu anaposoma jina la mpokeaji, nawe ukasikia jina la mtu usiyemjua, simamisha mkono wako hapo hapo.

Nchini Kenya bodi ya mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, na tangu mwaka 2023 mwanafunzi huomba mkopo na ufadhili akipimwa kwa hali ya mapato ya familia. Maombi hujazwa mtandaoni, na vijana wengi huenda kujaziwa katika duka la intaneti, au saiba kama wanavyoiita. Si kosa kusaidiwa. Kosa ni kumwachia mhudumu neno la siri na nakala ya kitambulisho, kwani anaweza kurudi baadaye na kubadili namba ya akaunti ya kupokea fedha.

Sasa tuje kwetu mpakani, kwani hapa pana mtego ambao mtu wa mji mkuu haujui. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na watoto wetu huvuka kwenda shule bila kuwaza. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Madalali huligeuza jambo hili na kusema, “Jumuiya ni moja, mkopo ni mmoja.” Si kweli. Soko la Pamoja lililoanza mwaka 2010 linaruhusu watu na kazi kuvuka, lakini kila bodi hukopesha raia wa nchi yake. Dalali akijua hilo hutoa dawa yake ya pili, nayo ni cheti cha kuzaliwa cha ng’ambo, kwa malipo.

Tunaomba wazazi walitafakari hili kwa uzito. Katika utapeli wa kawaida mtoto hupoteza pesa. Katika huu wa vyeti mtoto mwenyewe huwa mshukiwa. Bodi ya Tanzania hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa serikali wa usajili, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kijana anayenaswa na cheti cha uongo hawezi kumwonyesha dalali wake, maana dalali hakuacha hata jina la kweli.

Ukiwa umekwisha tuma pesa, usifute ujumbe, hata kama unakuudhi kuuona. Piga simu kwa kampuni ya simu mara moja uombe muamala usimamishwe, kisha uje kituoni na simu yenyewe, ujumbe wa kuthibitisha malipo na kitambulisho. Saa za kwanza zina thamani kuliko siku zote zinazofuata. Namba ikiwa imesajiliwa ng’ambo, usivuke kwenda kumtafuta mtu huyo mwenyewe. Andikisha taarifa upande wako; polisi wa nchi hizi hushirikiana kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioundwa Kampala mwaka 1998, na kupitia ofisi za Interpol. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa kwa sheria za Uganda, na tangu mwaka 2011 ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta.

Kuandikisha taarifa hakulipiwi. Ofisa akikudai pesa ya karatasi au ya mafuta ya gari, uliza ilipo ofisi ya mkuu wa kituo, uingie umweleze.

Pesa za yule mama zilikuwa zimekwisha tolewa siku ile ile alipozituma, upande wa pili wa mpaka. Faili lake bado liko wazi. Binti aliandika chuoni kuomba nafasi yake iahirishwe kwa mwaka mmoja, na sasa yuko sokoni na mamaye.