Kuifanya Kompyuta ya Nyumbani Iwe Seva

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee walisema hivyo kabla ya kompyuta kuja, lakini maneno yao yafaa sana kwa habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Watu wengi hudhani kwamba seva ni mtambo mkubwa ulioko Ulaya au Marekani. Sivyo. Seva ni kompyuta yo yote iliyopewa kazi ya kungojea maombi na kuyajibu, kama mwenye duka: mteja hutaja atakacho, naye humpa. Seva ya kwanza ya kurasa za intaneti ilikuwa kompyuta moja ya mezani, ya Bwana Tim Berners-Lee huko CERN, karibu na mji wa Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990. Ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu, kuwaonya watu wasiizime.

Yatufaa nini sisi? Tutokao Nakivale twajua. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Vijana wengi wana simu, lakini bando huisha kabla ya somo kuisha. Tena intaneti yaweza kufungwa, kama ilivyofungwa Uganda nzima kwa siku zipatazo tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Ambaye masomo yake yalikuwa mbali aliyakosa. Aliyekuwa nayo katika kompyuta yake aliendelea kusoma.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Mfano wetu ni kompyuta yenye Windows.

Kwanza, ukiwa Mbarara penye mtandao mzuri, pakua programu iitwayo Python na kuiweka katika kompyuta. Hailipiwi.

Pili, fanya folda mpya, uiite masomo. Weka humo notisi, mitihani ya zamani, na vitabu ulivyo na ruhusa ya kuvigawa. Ukiandika ukurasa wa mbele, uite index.html. Usipouandika, seva itaonyesha yenyewe orodha ya mafaili.

Tatu, fungua folda hiyo, andika cmd katika mstari wa anwani ulio juu, ubonyeze Enter. Litatokea dirisha jeusi. Andika humo:

py -m http.server 8000

Usilifunge dirisha hilo. Likifungwa, duka limefungwa.

Nne, fungua kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa, uandike http://localhost:8000. Neno localhost maana yake ni kompyuta hii hii; 8000 ni namba ya mlango. Masomo yatatokea bila kutumia bando hata kidogo.

Tano, waite wenzako. Washa hotspoti ya simu moja, uzime data yake, kisha uunganishe kompyuta na simu za wengine. Fungua dirisha jeusi la pili, andika ipconfig, utafute mstari wenye neno IPv4. Tuseme namba yake ni 192.168.43.25. Wenzako wataandika http://192.168.43.25:8000. Windows ikiuliza kama iiruhusu Python kupita, kubali. Simu nyingi hupokea wageni wanane au kumi tu. Darasa likiwa kubwa, tafuteni ruta ndogo.

Hapa pana onyo. Seva hii haina kufuli. Aingiaye huona kila kilichomo katika folda. Kwa hiyo usiweke humo picha ya hati ya ukimbizi ya familia, wala barua ya mtu, wala majina ya watoto. Ndiyo sababu nimesema folda iwe mpya. Wala usiiwashe penye waifai ya watu usiowajua. Ukimaliza kazi, bonyeza Ctrl pamoja na C.

Atakaye zaidi aitafute Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007. Hiyo huihifadhi Wikipedia ili isomwe bila intaneti, tena ina seva yake ndani. Wikipedia ya Kiswahili huingia katika flashi. Ya Kiingereza pamoja na picha zake hupita gigabaiti 100.

Neno la mwisho ni juu ya utunzaji. Lazima awepo mtu wa kuchaji betri, wa kuongeza notisi, na wa kuwaonyesha wageni njia. Enyi wanafunzi wa zamani, laptopu iliyolala kabatini kwenu kwa kuwa ni nzito na ya kale yatosha kabisa kazi hii. Nanyi wa madarasa ya chini, jifunzeni sasa. Sisi wa Kidato cha Sita twaondoka mwisho wa mwaka, na seva isiyo na mtunzaji ni sanduku tu.