Kisukari kisichosikia vidonge

Swali: Nina miaka 38, ni mwembamba, na mwaka jana niliambiwa nina kisukari aina ya pili. Nameza metfomini na glibenklamaidi bila kuruka siku, lakini sukari inapanda na uzito unashuka. Nakosea wapi?

Jibu: Hujakosea, na naomba uache kujilaumu. Nashuku jina la ugonjwa ndilo lenye kosa. Kuna kisukari cha ukubwani ambamo kinga ya mwili hushambulia polepole seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mwanzoni vidonge husaidia, ndiyo maana wengi huhesabiwa kuwa na aina ya pili.

Omba kipimo cha kingamwili za GAD. Zikionekana, pima C-peptaidi, inayoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani. Ikiwa chini ya 0.3 nmol kwa lita, insulini haina mjadala. Kati ya 0.3 na 0.7, dawa huchaguliwa kwa uangalifu na kipimo hurudiwa.

Glibenklamaidi hulikamua kongosho ambalo tayari limechoka, lakini usiiache kabla ya kuonana na daktari wako. Wala insulini si adhabu. Inarudisha kile ambacho mwili umepungukiwa.

Ukianza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa kasi, nenda hospitali usiku huohuo. Tezi ya shingo nayo ipimwe, maana kinga hiyohiyo huweza kuishambulia.