SOMO: VIJANA WETU NA SIGARA



Somo letu la safari hii lahusu sigara kwa vijana wa shule. Wazazi huuliza: mtoto akikutwa na sigara, tumfanye nini? Wengi wamekwisha kujijibu wenyewe kuwa ni viboko, na kama yuko bwenini afukuzwe. Twaomba tusikimbilie huko kabla ya kujua kwa nini anavuta.

Kwanza Maandiko. Tumbaku haikutajwa katika Biblia, wala haikuweza kutajwa, maana asili ya mmea huu ni Amerika, na huku kwetu haukujulikana mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi mhubiri asijisumbue kutafuta aya inayokataza sigara kwa jina; vijana wa siku hizi wanasoma, watamwuliza ni aya ipi. Lakini someni 1 Wakorintho sura ya 6 yote. Mtume anawaandikia watu waliojisifu kuwa wako huru, naye anawaonya juu ya uhuru wa namna ile unaomgeuza mtu kuwa mtumwa wa kitu. Kisha anawakumbusha mwili ni wa nani.

Utumwa huo wa sigara una jina lake, nikotini. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde kama 10 tu. Ubongo wa kijana bado unakua, nao huzoea upesi kuliko wa mtu mzima. Huko Marekani imeonekana kwamba katika watu wazima 10 wavutao kila siku, karibu 9 walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtu wa chini ya umri huo. Hata hivyo wako wakubwa wanaomtuma mtoto wa darasa la nne dukani kununua sigara moja na kiberiti, na wengine humwambia aiwashe kabisa njiani isizimike! Mtoto huyo amefundishwa kuvuta, tena na mtu anayemheshimu.

Tumewasikia vijana wakisema kwamba hapa Tukuyu sigara huleta joto. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe, neno hili huaminika kwa urahisi. Si kweli. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu katika ngozi, na vidole vya mvutaji huzidi kupoa. Kikombe cha chai, ambayo majani yake yachumwa papa hapa wilayani, kingemfaa zaidi.

Lakini baridi ni kisingizio tu. Kijana huvuta kwa ajili ya wenzake. Jambo hili Wanyakyusa hawahitaji kufundishwa na mtu. Katika miaka ya 1930 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa huku wakichunguza maisha yetu, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Aliandika kwamba mvulana wa miaka kama 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala katika kijiji walichojijengea wavulana wa rika lake. Humo alijifunza ukwangala, yaani kukaa na wenzake kwa furaha na kwa adabu. Angalieni jambo moja: wavulana wale walilala mbali na wazazi, lakini chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa makundi leo kwa mama huyu kesho kwa yule, na jembe walishika katika mashamba ya baba zao. Kwa hiyo kila siku palikuwa na mtu mzima wa kuwatazama usoni.

Siku hizi tunavyo vijiji vya marika vingine. Kijana wa shule ya kata ambaye kwao ni mbali hupangiwa chumba karibu na shule, wenyewe wanakiita geto. Hulala humo watatu au wanne, hujipikia ugali wao, na mzazi huja siku ya kodi. Rika lipo, mama wa kuwapakulia hayupo. Akitokea mmoja mwenye sigara, wa kwanza atakataa, wa pili atajaribu, na yule wa kwanza ataona aibu kubaki peke yake. Mvulana wa namna hii kiboko hakimfikii mahali panapouma, kwa kuwa anaogopa kuachwa na wenzake kuliko anavyomwogopa mwalimu wa zamu.

Basi akikutwa, mwulize kwa upole anavuta na nani, na lini. Kama akiamka huitaka sigara kabla ya nusu saa kupita, ujue amekwisha kufungwa, na kuacha kutamtesa. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu: atakuwa na hasira, hatalala vizuri, hatasikia somo darasani. Baada ya wiki mbili hadi nne hali hiyo hupungua sana. Mzazi asiyejua hayo humwona mwanawe mkaidi, akampiga katika siku zile zile anazojitahidi kuacha. Na asitengwe na rafiki zake wote kwa siku moja bila kupewa wengine; kwaya na mpira vina kazi hapa.

Kwa mazungumzo ya vikundi mwezi huu, kila kikundi kiandike watoto wa parishi wanaoishi katika vyumba vya kupanga, na kando ya kila jina kiandike nyumba ya Mkristo iliyo karibu, ambamo mtoto huyo na wenzake wa chumba wanaweza kula chakula cha jioni angalau mara moja kwa juma. Orodha apewe katekista.